Kopo Lenye Sale

Mama akiulizwa kanisani binti yako anafanya kazi gani,
hujibu, "Yuko maabara, kule hospitali,"
kisha huulizia bei ya maharage.
Hawezi kusema napima mavi.
Mimi nasema. Napima mavi,
mwaka wa sita huu, hapa Moshi, chumba cha mwisho wa korido,
dirisha linatazama mlima
siku ambazo mlima umekubali kutazamwa.

Saa moja asubuhi boksi la barafu linashuka kutoka Uru.
Ombeni anasaini. Navaa glavu mbili mbili,
nafungua makopo kabla chai haijanishuka.
Pua huzoea. Akili ndiyo hukawia:
kipande kisichozidi punje ya hindi
kina wakazi wengi kuliko watu wote
waliowahi kuzaliwa chini ya mlima huu.
Hewa tunayoililia sisi, wao huwaua.
Kwa hiyo nawalea ndani ya sanduku la kioo lisilo na oksijeni,
mikono yangu imevaa mikono ya mpira ya sanduku,
mkunga aliyekatazwa kumgusa mtoto.

Wanakula tusichokiweza: nyuzi za ndizi, kumvi za ulezi,
machicha ya mbege.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Hawa walipewa jembe tungali tunanyonya,
hawajalitua.

Machi. Kopo namba 0417.
Kanuni inasema namba tu, jina hapana.
Lakini kopo lilikuja limefungwa jani la sale,
bichi, limepigwa fundo
kama lipigwavyo mtu akienda kuomba radhi
kwa jirani aliyemkosea.
Ombeni, Mpare wa watu, akacheka: "Huyu kaleta zawadi?"
Sikucheka. Nilimwona. Sijapata kumwona, ila nilimwona:
bibi wa kihambani, nyuma ya migomba yake,
anaona haya kumpa mtu wa koti jeupe kitu kama kile,
akaona asikitume bila neno.

Ndani yake nikampata mmoja asiyefanana na wenzake,
mrefu, mwembamba, mzito wa kuota:
siku tisa, wengine wakiota kwa mbili.
Nikarudia mara tatu. Nikarudia ya nne,
maana kwetu furaha ya mapema
aghalabu ni uchafu ulioingia kwenye sahani.
Akaota tena.

Juni tukapanda kuomba kopo la pili.
Muuguzi wa zahanati akashusha kidole kwenye orodha,
akafunga daftari.
"Huyo tulimzika. Baada ya Pasaka."
Sikuuliza jina. Kanuni.
Njia nzima ya kurudi, kila kihamba tulichokipita,
macho yangu yalitafuta udongo mpya.

Usiku huu umeme umekatika tena.
Friza inasoma themanini chini ya sifuri.
Sabini na nane.
Trei ya tatu, kwenye kichupa cha ukubwa wa kidole cha mwisho,
yupo aliyekula naye sahani moja maisha yake yote,
anayejua alivyofunga Kwaresima,
anayejua kilichobaki chunguni mwaka wa njaa
na nani alipewa kwanza.
Hajapata habari za msiba.

Sabini na tano.
Nje Ombeni anamimina dizeli gizani,
anaitukana jenereta kwa Kipare, taratibu,
kama anayembembeleza ng'ombe mgomvi.
Nimekaa sakafuni, mgongo kwenye mlango wa friza,
mfukoni jani lililokauka
ambalo kanuni ilitaka nilichome pamoja na glavu.
Nalipapasa fundo. Sijalifungua.
Sijui kati yetu nani alikuwa amemkosea mwenzake.

Jenereta inakohoa, inanyamaza, inakohoa.
Simu inawaka kwenye goti langu: Mama.
Anauliza kama nimekula.